Mafuta Niliyotia Mlangoni kwa Andayi

Mwaka huu nimekunja meza. Mkono wa kulia umeanza kutetemeka, na fundi wa kufuli mwenye mkono unaotetemeka ni kama kinyozi mwenye kikohozi: hata akiwa hodari, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukaa kitini. Nyinyi mliobaki pale kando ya soko la Kakamega mmenisumbua niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Sawa, nitaandika. Habari za nani alipandishwa cheo na nani aliongezewa nini nawaachia waliokuwa na mwajiri. Mwajiri wangu mimi alikuwa vumbi, na hata siku moja hakukosa kuniletea kazi.

Kabla ya ufundi nilikuwa mchuuzi. Siku za soko nilikuwa Lubao, kando ya wanaouza ng'ombe, nikiuza kufuli kuukuu ambazo funguo zake zilipotea. Niliweza kumshawishi mtu mzima na akili zake kwamba kufuli isiyo na ufunguo ndiyo salama kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mzee mmoja alisimama mbele ya kitambaa changu, akachukua kufuli tatu, akazitikisa moja moja karibu na sikio, akaziweka chini.

"Asalaam aleikum," akasema.

Mimi mtu wa kanisa, nikamjibu ninavyojua. "Mulembe, mzee."

"Hiyo pia ni amani. Sasa niambie, kijana, hizi unaziuza ama unazizika?"

Huyo alikuwa Mzee Swaleh, mtu wa Mumias, aliyekuwa na kibanda cha kufuli na vitasa mjini Kakamega. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa kando yake.

Siku ya kwanza alinipa kufuli iliyokwama na ufunguo wake, akasema fungua. Nikashika koleo. Akaninyang'anya, akanipiga nalo kwenye kidole, polepole, lakini nilisikia. "Ukilazimisha, ufunguo utavunjikia ndani. Ulikuja na shida moja, utarudi na mbili." Akaosha tundu kwa matone ya mafuta ya taa, akiyadondosha kwa unyoya wa kuku. Akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Akaacha kufuli juani mpaka ikakauka. Kisha akachukua penseli ya shule, ile nyeusi laini, akausugua ufunguo meno yote mpaka ukang'aa kijivu, akauingiza, akautoa, akausugua tena. Mara ya nne ukazunguka bila sauti. Kazi ndiyo hiyo. Yote niliyojifunza baadaye ni matawi yake.

Kwa sababu mmeuliza, matawi yenyewe ni haya. Kitasa cha nyumba, kabla hujakilaumu, tazama mlango. Mbao hunywa mvua na kuvimba, ulimi wa kitasa ukaumia kwenye fremu, halafu watu wanatukana ufunguo. Inua mlango kwa goti. Ufunguo ukizunguka, zisumbue bawaba, kitasa kiache. Ukikifungua kitasa, hesabu skrubu, kisha uzihesabu tena, maana ya tano huwa ndani ya kiatu chako. Gari ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mlango wa dereva huchakaa kwa kutumiwa na wa abiria hukwama kwa kutotumiwa. Mwambie mwenye gari aufungue kwa ufunguo angalau mara moja kwa mwezi. Hatakusikia, lakini umwambie. Tundu la kuwashia injini usilitie mafuta hata akulilie. Nyuma yake kuna nyaya, na mafuta hayajui kusimama yanapoambiwa.

Na popote pale, mafuta ya kupikia yabaki jikoni, na oili chafu ya gari ibaki chini ya gari. Mafuta yanafurahisha kitasa kwa mwezi mmoja. Baadaye yanaita vumbi, vumbi linakuja na jamaa zake, na ndani kunakuwa uji.

Hayo niliyajua. Niliyajua mwezi wangu wa kwanza. Ninayasema kwanza ili msije mkadhani niliyoyafanya niliyafanya kwa ujinga.

Ubaya wa penseli ni kwamba haionekani. Mwalimu mmoja kutoka upande wa Bukura aliniletea kufuli ya stoo, nikaiosha, nikaikausha, nikasugua ufunguo, ukazunguka kama ndoto. Akaitazama, akanitazama.

"Fundi, umetengeneza ama umechora?"

"Nimetengeneza, mwalimu. Jaribu."

"Kwa penseli? Basi mimi na chaki yangu ni daktari."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na bei ikaanguka nikiitazama. Mimi nimekulia sokoni; najua mnunuzi hulipa kwa macho kabla ya mfuko. Akiona kitu kinachuruzika, anaamini amehudumiwa. Basi nikatafuta chupa ya oili chafu, nikaificha chini ya meza upande ambao Mzee Swaleh haangalii, na kwa wateja wenye haraka au wabishi nilimimina. Walifurahi. Wengine walirudi kunishukuru. Wengine walirudi baada ya miezi na shida ile ile, nami nikawaambia ni vumbi la Kakamega. Haikuwa uongo. Ilikuwa nusu ya ukweli, ile nusu isiyonigusa.

Andayi alikuwa dereva wa lori, kazi yake Nakuru, alikoishi na familia. Alikuwa amejenga nyumba nzuri ya mabati nyumbani kwao, safari fupi ya baiskeli kutoka mjini, upande wa mashamba ya miwa. Mkewe tulimwita Mama Metrine, kwa jina la binti yao wa kwanza. Mwezi wa kwanza mwaka mmoja katikati ya miaka hiyo, siku moja kabla hawajarudi Nakuru, Mama Metrine alikuja kibandani akiniambia mlango wa mbele unamsumbua, anafungua kwa mikono miwili. Nikaenda naye.

Kilikuwa kitasa kizuri, kizito, cha vyuma vinne bapa ndani. Kilitaka kuoshwa na kukaushwa. Kilitaka nusu saa.

"Fundi, ni haraka tafadhali. Bado sijafunga mizigo, na mama mkwe anataka nimsagie mahindi kabla niende."

Alikuwa mbishi wa bei pia, alinibana mpaka nikampenda. Nikatoa chupa. Nikamimina. Ufunguo ukazunguka kama kisu ndani ya ndizi mbivu, naye akapiga kofi moja la furaha.

"Ona! Na Baba Metrine alisema tununue kingine."

Akafunga mlango, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akafunga ufunguo kwenye ncha ya leso. Wakaenda. Nyumba ikakaa imefungwa. Msimu wa kuchoma miwa ukaja, na nyinyi mnajua yale masizi meusi yanavyoanguka, juu ya nguo, juu ya chakula, ndani ya kila tundu. Halafu vumbi. Halafu mvua. Mimi sikuwa nakumbuka tena.

Andayi akafa Nakuru, ugonjwa wa siku chache. Asubuhi walipomleta, mtu alinifuata mbio kwa baiskeli. "Fundi, kuna mlango umekataa kufunguka, na maiti iko nje." Aibu yangu ya kwanza ni kwamba nilianza kupatana naye hapo hapo, kwamba kazi ya msibani ina bei yake. Nilikuwa nimekwisha kaa nyuma ya baiskeli ndipo nikauliza ni kwa nani.

"Kwa Andayi."

Nikakumbuka chupa.

Kwetu, mtu akifia mbali huletwa kwanza ndani ya nyumba yake. Huingia kwa mlango wake wa mbele, akakaa humo kidogo, ndipo akatolewa uani watu wamuage. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo la ndani, madirisha yalikuwa na vyuma. Kuuvunja mlango wa mbele hakuna aliyethubutu kutaja. Mlango wa mtu hauvunjwi akiwa amelala nje. Ni kumwambia kwamba haji kwake, anavamia. Kwa hiyo jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili chini ya paa la baraza, nyimbo zimekatika, na watu wote uani wanamtazama Mama Metrine aliyesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kuuzungusha.

Mama yake Andayi, ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya, alikuwa ameketi chini kando ya jeneza. Aliyekuwa akiwasimamia watu wote alikuwa Jotham, kaka mkubwa wa marehemu.

"Mpisheni fundi!" akasema. "Fundi, karibu. Wewe ndiwe utatuambia. Huu ufunguo ni wa huu mlango, ama mtu alibadilisha kitasa ili tusiingie?"

"Shemeji, nimekwambia ni huo," Mama Metrine akasema. "Nilifunga nao mimi mwenyewe. Nani angebadilisha?"

"Mulamwa," Jotham akasema, kwa neno letu la shemeji, "wacha fundi afanye kazi. Mimi sijataja mtu."

"Lakini unaniangalia."

Nikapiga magoti. Sikuhitaji hata kuingiza sindano yangu ya kupimia. Harufu ilinifikia kabla: oili yangu chafu, iliyochacha. Nikaomba mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Nikaosha mara ya kwanza, ukatoka uji mweusi. Mara ya pili, mweusi. Mara ya tatu, wa kahawia. Nikagusa vyuma vya ndani kwa ncha ya sindano nikihesabu, kimoja, viwili, vitatu, vinne. Nikarudia. Vyote vizima, vyote mahali pake. Kitasa kilikuwa kile kile na ufunguo ulikuwa ule ule. Hakuna mtu mwingine pale uani aliyelijua hilo, isipokuwa mimi na Mama Metrine, na yeye hakuwa anaaminika.

Nikazungusha. Mlango ukafunguka.

Watu wakashusha pumzi. Jotham hakuishusha.

"Sasa sema, fundi. Shida ilikuwa nini?"

Nikatazama nyuma. Sina hakika walikuwa wangapi, na mimi ni mtu wa kuhesabu. Niliwaona wateja tu. Yule ana duka, yule ana pikapu, yule ni mzee wa kanisa mwenye ofisi ya milango sita. Kama ningesema ni mafuta yangu, jioni ile ile Lubao wangejua, na kesho yake Butere. Nikasafisha sindano kwa kitambaa, taratibu, kama mtu mwenye elimu.

"Ufunguo na kitasa havikuelewana," nikasema.

Kukhu akapiga makofi mawili ya huzuni pale chini. "Mmesikia? Hata fundi amesema. Mlango wa mwanangu haukumtambua huyu."

Mama Metrine akanigeukia. "Fundi Muhanji. Si ni wewe ulikuja hapa, siku moja kabla turudi Nakuru? Si ulitia dawa yako kwa huu mlango?"

"Mama, mimi huona milango mingi."

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu sokoni ambacho alikuwa akitaka, na sasa ameona kimetoboka. Jotham akanyoosha mkono, kiganja juu. "Mulamwa, leta huo ufunguo. Tutauweka sisi." Mama Metrine akautoa kitasani. Akampa mbele ya watu wote. Wimbo ukaanzishwa tena, Andayi akaingizwa kwake.

Nilisikia yaliyofuata kama kila mtu alivyosikia. Siku za matanga Mama Metrine alilala jikoni kwa mama mkwe kama mgeni. Siku ya kunyoa nywele za wafiwa, wazee walipoketi kugawa mambo ya marehemu, lilirudiwa neno lile: hata fundi alisema. Hawakusema ameua, hawakusema ameiba. Walisema tu nyumba haikumtambua, na mtu akishasemwa hivyo hahitaji kufukuzwa. Alichukua watoto wake watatu akarudi kwao, upande wa Butere.

Mzee Swaleh alisikia pia. Aliniita nikae juu ya kreti ya soda mbele yake.

"Kitasa kile ulikitia nini?"

"Mafuta, mzee."

"Oili ile ya chini ya meza."

Kumbe alijua chupa ilipokuwa miaka yote. Nikaitikia kwa kichwa.

"Na uliwaambia?"

"Hapana."

Hakunipigia kelele. "Kesho nenda," akasema, akaendelea kupiga msasa ufunguo wa mtu.

Kesho yake kulikuwa na kazi. Keshokutwa kulikuwa na mvua. Baadaye nikajiambia maneno yamepoa, kuyachemsha tena ni kumwongezea mama wa watu uchungu. Nyinyi vijana mtaona, mtu mwenye hatia huwa na huruma nyingi sana. Mwaka ukaisha na mwingine ukaisha. Macho ya Mzee Swaleh yakaanza kuingia ukungu, akarudi Mumias kwa watoto wake, akaniachia kibanda. Nilimtembelea. Mara ya kwanza aliniuliza kabla hata ya chai, "Ulienda?" Nikasema bado. Mara ya pili akauliza tena, nikasema bado. Mara ya tatu tuliongea habari za mahindi, za bei ya sukari, za wajukuu, nikanywa chai vikombe viwili, nikaaga. Hakuuliza.

Hiyo ndiyo iliyonivunja. Nilifika barabarani, na badala ya kurudi mjini nikaenda moja kwa moja kwa Kukhu.

Alikuwa amekaa barazani anachambua maharagwe kwenye ungo. Miaka minne ilikuwa imempunguza. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikasema yote mpaka mwisho nisije nikajitafutia njia ya kutorokea.

"Kwa hivyo ufunguo ulikuwa wake," akasema.

"Ulikuwa wake, Kukhu."

"Na wewe ukiwa umesimama hapo mlangoni ulijua."

"Nilijua."

"Nikasema yale mbele ya watu, na ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Kukhu."

Akatupa jiwe dogo la maharagwe uani. "Mimi nilisema mbele ya watu. Wewe pia utasema mbele ya watu. Jumapili, baada ya kanisa. Na usije na chupa yako."

Jumapili nikasimama pale pale, uani. Jotham alikuwepo, na majirani, na wazee wawili wa ukoo. Nilipomaliza, mzee mmoja akaniuliza, "Fundi, mafuta ya miaka minne ndiyo umekuja kuyapangusa leo?" Watu wakacheka kidogo, si kwa furaha. Jotham alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Tunashukuru kwa ukweli, fundi. Mtu akikosea akasema, ni vizuri. Lakini nyumba sasa ina watu." Akaonyesha kwa kidevu. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameoa, na mke wa huyo mwana alikuwa amesimama kwenye ule mlango, mjamzito, akisikiliza asijue aangalie wapi. "Huyu pia nimtoe, kwa sababu ya mafuta?"

Kukhu akajivuta kwa fimbo yake, akasimama.

"Fundi, utanipeleka Butere," akasema. "Leo umechelewa. Kesho."

Safari hii kesho ilikuwa kesho. Mama Metrine alikuwa amepanga chumba kimoja karibu na mwisho wa reli, anashona sare za shule. Alipomwona Kukhu akisimama nje na fimbo, alitoka na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akampokea kwa mikono miwili. Metrine, aliyekuwa sasa amemfikia mama yake begani, alimpa nyanya yake mkono kama anavyopewa mgeni wa kanisa. Kukhu aliushika huo mkono muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

Mimi sikualikwa kuketi, nikaketi kwenye ngazi. Kuku alichinjwa. Nilisikia obusuma, ugali wetu, ukisongwa ndani, na nilipopewa sahani yangu nilikula nikiinamia chini. Mama mkwe akija, hata kama alikutoa kwake, ni ingokho, kuku wa heshima. Mama Metrine hakupunguza kitu.

Baada ya kula, Kukhu akasema alichokuja kusema. Alisema yeye ndiye alikosa kwa mdomo wake. Akasema Mama Metrine arudi nyumbani, na kama nyumba ile ina watu, atamwachia yake mwenyewe, yeye atalala jikoni.

"Mama," Mama Metrine akasema, "nitakuja kukuona. Watoto nitawaleta, wakujue. Ukiugua nitakuuguza. Lakini kulala pale tena, hapana."

"Kwa sababu ya Jotham?"

"Jotham ni mtu tu, mama. Kwa sababu nilisimama pale na hakuna hata mmoja aliyesema, ngojeni kwanza."

Kukhu akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Kwangu mimi Mama Metrine hakuwa amesema neno hata moja tangu tufike. Sikudai.

Jua lilipoinama akatoka kutusindikiza. Akavuta mlango wa chumba chake, akaingiza ufunguo. Ukakwama. Nikasikia ile sauti, kavu, ya mchanga ukisagana, na mwili wangu ukainuka kwenye ngazi kabla ya akili. Mkono ulikuwa umekwisha ingia ndani ya mkoba.

"Wacha, fundi," akasema bila kugeuka.

"Ni dakika mbili tu, mama. Mafuta situmii tena."

"Najua. Huu nimeuzoea."

Akainua mlango kwa goti, akausukuma kwa bega, akauzungusha ufunguo kwa mikono miwili mpaka ukalia. Akauvuta kuhakikisha. Kisha akamshika Kukhu kiwiko, wakatangulia polepole kwenye njia, nami nikawafuata nyuma.